Bao la Kazini na Adabu ya Kushindwa

Bao lina maadui wa namna mbili katika afisi za mji huu. Adui wa kwanza hulikataa. Akiwaona watumishi wanne wameuinamia ubao chini ya mwembe wa uani baada ya saa za kazi, husema hao ndio wanaoirudisha nyuma nchi. Adui wa pili hulikubali, tena kwa vifijo: huliundia kamati, hulichapishia fulana, hulialikia mgeni rasmi, hulinunulia kikombe, na jua likizama siku hiyo moja hulifungia kabatini hadi mwaka mwingine. Makala haya yanawajibu wote wawili. Lakini nasema mapema kwamba ugomvi wangu mkubwa ni na huyu wa pili, kwa sababu wa kwanza analinyima bao nafasi tu, ilhali wa pili analinyima maana.

Na maana yenyewe ni ipi? Ninadai kwamba kikundi cha bao cha watu wafanyao kazi pamoja, kikiendeshwa kwa kanuni za baraza, ni skuli ya kufundishana kushindwa. Hapo watu wa vyeo tofauti, vyama tofauti na umri tofauti hukaa mkeka mmoja, wakafungwa mbele za watu, wakainuka, wakampisha mwingine, na kesho yake wakaamkiana kama ada. Katika visiwa hivi elimu hiyo ni adimu, na gharama ya kuikosa tumeilipa zaidi ya mara moja.

Tuanze na wale wanaoliita bao kazi ya wasio na kazi. Tarehe 7 Aprili 1972, jioni, risasi zilimkuta Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Kwanza wa Zanzibar, katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi pale Kisiwandui, akiwa na wenziwe kwenye bao. Kila mwaka siku hiyo hukumbukwa, na ni haki msiba ule ukumbukwe. Lakini ndani ya msiba mna jambo dogo ambalo aghalabu tunalipita: kiongozi wa nchi alikuwa na desturi ya kukaa na wenzake wa chama, mahali pao pa shughuli, wakacheza. Upande wa Bara, Mwalimu Julius Nyerere naye alijulikana kwa kulipenda bao. Kabla yao wote, Muyaka bin Haji wa Mombasa, bingwa wa mashairi aliyefariki mwaka 1840, aliliona bao linastahili kutungiwa shairi, na wasomi wanalisoma shairi hilo hadi leo. Je, hawa nao tuwaite watu wasio na kazi?

Hata wageni wametutangulia katika kuliheshimu. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden kwa utafiti juu ya mafundi wa bao, akitaka kujua ni kwa kiasi gani akili ya mwanadamu inaweza kubeba hesabu za kete zinazozunguka na kugeuka bila ya kuandikwa popote. Elimu hiyo aliikuta kwetu, barazani, kwa watu ambao baadhi ya wakuu wetu wa idara wasingewaajiri hata kulinda geti.

Kuna hoja moja ya upande huo ambayo ni ya haki, nami naikubali bila ya kusukumwa. Wakati wa kazi ni wa kazi. Mwananchi aliyetoka Makunduchi au Nungwi kufuata cheti hana haja ya kusubiri mpaka mtumishi amalize mchezo wake. Basi kikundi kicheze saa ya chakula au baada ya kazi, na ubao ukae mahali ambapo mwananchi hatauona akadhani ndio kazi yenyewe. Lakini anayekerwa na bao kwa ajili ya wakati angeanza na simu iliyo mkononi mwa kila mtu. Simu hula dakika za watumishi kimyakimya, mmoja mmoja, kila mtu akiwa peke yake, wala hakuna anayeiundia tume. Bao linaonekana kwa kuwa linakusanya watu, na huenda hilo kukusanya watu ndilo hasa linalotia hofu.

Wapo pia wanaouliza juu ya dini. Fatwa nawaachia wenye elimu yake. Ninachojua ni kwamba kikundi cha kazini kina njia nyepesi ya kujiweka mbali na shaka: fedha isiingie, si shilingi wala soda ya kuwekeana, na adhana ikilia kete ziachwe zilipo. Mchezaji asiyeweza kuziacha kete zikiwa zinamwelekea vizuri hajafika pahala pa kuitwa fundi.

Sasa niwageukie wapenzi wa mashairi, maana ndio wenye jarida hili, na bila shaka wanajiuliza bao la afisini linawahusu nini. Utazameni ubao. Una safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Hesabuni shairi letu la tarbia: mishororo 4, kila mshororo vipande viwili, kila kipande mizani 8. Ubeti mzima una mizani 64, na bao zima lina kete 64. Sisemi kwamba kimoja kimezaliwa na chenziwe. Sina ushahidi na sitaki kuubuni. Nasema kwamba sikio lililozoea kipimo cha shairi na mkono uliozoea kipimo cha bao vinafahamiana, na kwamba anayedhani kanuni ni kifungo, hatalielewa shairi wala bao.

Kanuni za bao si mapambo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 ndani ya nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi. Huingizwa mojamoja, kila zamu kete moja, na sehemu hii ndiyo iitwayo namua. Hapo ndipo mchezaji hujengeka au hubomoka. Hapo hujulikana nani anajua kuilinda nyumba yake na nani anaivunja kwa pupa, nani anakula akaanzia kichwa cha kulia kwa kuwa ameona mbali, na nani anakula kwa kuwa ameona kete nyingi. Kete za mkononi zikisha, mchezo huingia katika mtaji, na aliyecheza namua vibaya sasa hulipa. Yupo anayefungwa hata bado ana kete mkononi. Ana mali, lakini safu yake ya mbele imekauka na hana pa kushika. Ni nani asiyewahi kuona kiongozi, au nyumba, au chama, katika hali hiyo?

Hapa ndipo adui wa pili anapoingia, na fulana zake.

Bonanza la michezo la afisi, kama ninavyoliona likiandaliwa mwaka baada ya mwaka, huwa na ratiba ya nusu siku. Katika nusu siku hiyo pawe na kuvuta kamba, kukimbia na magunia, karata, dhumna, keram, bao, risala, nasaha za mgeni rasmi na chakula. Bao la Kiswahili halikubali kubanwa hivyo. Kamati hutafuta njia ya mkato, nayo ni kuiondoa namua. Kete zote 64 hupangwa mbili mbili tangu mwanzo, kama bao la kujifunza tulilofundishwa utotoni, kisha wachezaji huambiwa waharakishe. Bao la kujifunza lina heshima yake, na kila mmoja wetu amepitia humo. Lakini kumkalisha fundi wa miaka 30 kwenye bao la kujifunza ili mgeni rasmi awahi chakula ni sawa na kumwomba malenga asome shairi lake kwa vina vya mwisho pekee.

La pili ni mgeni rasmi mwenyewe. Huombwa acheze kete ya ufunguzi. Huichukua kete, huiweka popote, hupigwa picha, watu hupiga makofi, naye huondoka. Amecheza bao bila ya kucheza. Na iwapo mkuu wa taasisi atataka kushiriki kweli, hupangiwa mpinzani mwenye hekima, yaani mtu anayejua namna ya kufungwa bila ya kuonesha kwamba anafungwa kwa makusudi. Nimewahi kuyashuhudia mabao ya namna hiyo, na nathubutu kusema hakuna tamasha la huzuni kuliko fundi anayeupitia mtaji wake huku akijifanya hakuuona. Wote waliosimama pale wanajua. Mkuu peke yake ndiye asiyejua. Na siku ile wafanyakazi wanarudi nyumbani wakiwa wamefundishwa kitu kimoja, nacho ni kwamba hata katika mchezo mkubwa hafungwi.

Baadaye ripoti huandikwa kwamba michezo imejenga moyo wa ushirikiano. Ushirikiano wa nani na nani? Wawili walicheza fainali, waliobaki walikuwa kwenye kivuli wakitazama simu zao wakisubiri pilau. Kikombe kikawekwa katika kabati la kioo mapokezi, na ubao ukapelekwa stoo.

Sitaki nieleweke vibaya. Mashindano si dhambi. Huko Bara, michezo ya watumishi wa wizara na idara za Serikali chini ya SHIMIWI imelipa bao nafasi pamoja na karata na drafti, na hilo limewakutanisha watu wengi waliokuwa hawajuani. Lakini mashindano ni mavuno. Asiyelima hana la kuvuna, na afisi isiyokuwa na bao la kila wiki ikipeleka timu kwenye mashindano, inapeleka watu wawili waliofundishwa na mitaa yao, kisha inajipatia sifa kwa kazi ya mtaa.

Kikundi chenyewe basi kiendeshwe vipi? Baraza imekwisha tupa jibu, na halihitaji fedha. Anayefungwa hutoka, aliyefunga hubaki, anayefuata hukaa. Foleni ni ya aliyetangulia kufika, si ya aliyepanda cheo. Mkurugenzi akifika wa tano, atakuwa wa tano, hata kama waliomtangulia ni dereva, tarishi, mpishi wa chai na mlinzi. Kete zihesabiwe kabla na baada, maana kete moja ya komwe ikipotea bao limeharibika, na wa kuzitunza awe yule mwenye mapenzi zaidi na mchezo. Mara nyingi huyo si afisa. Watazamaji wana ulimi lakini hawana mkono: waseme, watanie, wafumbe na kufumbuliana, lakini asiguse mtu kete isiyokuwa yake. Mwanafunzi akae karibu na fundi, atazame, aulize, na apewe bao lake la kujifunza pembeni mpaka mwenyewe aombe namua.

Utani huo wa watazamaji usidharauliwe. Barazani ndimo lugha inamochezewa ikanolewa. Anayefungwa huimbiwa, anayefunga hupunguzwa kiburi kwa methali, na neno huletwa kwa fumbo ili limfikie mwenyewe bila ya kumvunjia heshima. Afisi zetu zimejaa lugha ya barua, lugha ya "tafadhali rejea mada tajwa hapo juu". Binadamu hawezi kuishi kwa lugha hiyo saa nane kila siku bila ya kukauka. Saa moja ya bao humrudishia mtu ulimi wake.

Niseme na neno kwa upande wangu mwenyewe, upande wa wapenzi wa mila, ambao huenda mpaka hapa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Baraza za mitaani ni za wanaume. Mwanamke hupita mbele yake, hutoa salamu, akaenda zake. Tumeizoea hali hiyo hata tukaiona kuwa ni sehemu ya bao lenyewe, nayo siyo. Hakuna shimo lolote katika mashimo 32 linalouliza jinsia ya mkono. Kazini mwanamke ana kiti chake kwa haki ya ajira, si kwa hisani ya mtaa, basi awe na nafasi hiyo hiyo mkekani. Na isiwe nafasi ya maneno tu. Kikundi kinachokutana jioni peke yake kinajua fika kwamba wenzetu wanawake wengi jioni wanangojewa na watoto na jiko. Kikundi chenye nia kitacheza pia saa ya chakula, na kitamfundisha mhasibu au katibu muhtasi kwa subira ile ile anayofundishwa kijana wa kiume. Wapenzi wa mila wanaolilia kwamba bao linakufa, kisha wakawafungia mlango nusu ya wanaoweza kulirithi, wachague moja kati ya mawili.

Nimeliacha la mwisho lile lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliporejea, baraza nazo zilipakwa rangi. Kisonge pale Michenzani ilijulikana kuwa ya watu wa CCM, na Jaws Corner ndani ya Mji Mkongwe ilijulikana kuwa ya watu wa CUF. Baraza zikageuka maskani, na mtu akawa anachagua pa kunywea kahawa kwa kadi aliyonayo mfukoni. Yaliyofuata tunayajua. Matokeo ya 1995 na ya 2000 yaligombewa, na Januari 2001 damu ilimwagika. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa matokeo yakiwa bado yanatangazwa, ukarudiwa Machi 2016, na upinzani mkuu ukaususia. Mwaka 2020 tukahesabu tena majeraha.

Simnyooshei kidole mtu wa chama chochote. Wenye kuamua hayo wapo, na historia ipo. Nauliza tu, katika miaka yote hiyo ni swali gani lililotushinda? Ni hili: aliyeshindwa aondoke vipi na uso wake ukiwa mzima, na aliyeshinda amtazame vipi aliyeshindwa? Katiba na sheria hutoa sehemu ya jibu. Sehemu iliyobaki ni tabia, na tabia haitungwi na Baraza la Wawakilishi. Hujengwa kwa kurudiwa, siku baada ya siku, katika mambo madogo, mpaka mwili uizoee.

Sasa angalia, ndugu msomaji. Mtaani mtu huchagua maskani yake. Msikitini huchagua safu yake. Harusini hualikwa na nduguze. Afisini peke yake ndiko ambako mtu hamchagui jirani wa meza yake. Huyo wa kadi ile na yule wa kadi nyengine wanapokea mshahara siku moja, wanakunywa chai ya birika moja. Kwa hiyo bao la kazini ni miongoni mwa baraza chache zilizobaki zisizokuwa na rangi. Hapo yule anayemshuku mwenziwe kwa mwaka mzima hukaa naye goti kwa goti. Humla kete, huliwa. Nyumba yake huvunjwa mbele ya macho yake kwa kanuni anazozikubali, na mtu aliyemvunjia hakuiba, hakusukuma, hakuzima taa. Husema nimefungwa, kwa kinywa chake. Kisha huinuka.

Sisemi kwamba bao lingezuia hata risasi moja. Nasema kwamba watu ambao hawajapata kulitamka neno "nimefungwa" katika mchezo, hatuna sababu ya kutaraji kwamba watalitamka katika mambo mazito. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo tunaipenda sana, hasa tunapomsomea mwenzetu.

Ndiyo maana namkasirikia mtu wa fulana na kikombe. Ameikuta skuli hii ikifundisha bure, akaifanya sherehe ambayo mkubwa hashindwi, kanuni zimekatwa, na watu wengi hawachezi. Amelichukua bao akalivua kile kitu kimoja tulichokuwa tunakihitaji.

Kwa hiyo, enyi wakuu wa idara na mashirika, fedha za fulana bakini nazo. Toeni ubao mmoja wa mti mzuri, kete 64, na kivuli. Kisha fanyeni lile ambalo kamati haiwezi kuwafanyia: njooni bila ya mpiga picha, vueni viatu, ulizeni nani wa mwisho kwenye foleni, na kaeni nyuma yake. Zamu ikikufikia, cheza namua yako yote. Ukifungwa, sema umefungwa, uinuke, umpishe anayefuata.